Ulezi Ndani ya Boksi la Monita

Mama yule alinisomea sifa za monita kutoka kwenye karatasi ya daftari kama mtu anayesoma dawa alizoandikiwa hospitali. Inchi ishirini na saba. Hezi mia moja sitini na tano. Milisekunde moja. Kioo kisichopauka ukikitazama kwa pembeni. Alipomaliza aliikunja karatasi akauliza, "Unayo, mwanangu?"

Nilikuwa nayo moja tu, ile ya maonyesho, iliyokuwa ikiwaka kwenye kaunta ya duka la mjomba wangu pale Majengo tangu Krismasi. Mimi ndiye niliyekuwa muuzaji, na kwa ujuaji sikuwa na mpinzani. Nikamweleza kwamba hezi ni idadi ya mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde moja. Kwenye kioo cha kawaida mchezaji akikimbia anaacha ukungu nyuma yake, lakini kwenye hiki unaona hadi kiatu kinavyogusa mpira. Nilipenda sana kujisikia nikiongea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema binti yake alivunjika miguu yote miwili kwa ajali ya bodaboda, hajatoka ndani tangu masika, na hazungumzi na mtu.

"Akicheza mpira kwenye kompyuta ndiyo namsikia anacheka. Sasa kioo chake kimekufa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Boksi lilikuwepo, ila lile povu gumu jeupe linaloshikilia kioo kisigonge nilikuwa nimelikata vipande, nikaviweka chini ya kaunta nivikanyage. Julai ya Sumbawanga haina adabu, na baridi ya sakafu ya saruji inakupanda mpaka magotini. Niliona aibu kukiri, na uvivu wa kutafuta kitu kingine cha kuwekea. Nikaitumbukiza monita kwenye boksi tupu, nikapiga seloteipu.

"Mama, ibebe kama mayai," nikamwambia. Basi la kwao Laela lilikuwa karibu kuondoka, nikajitetea kwa hilo.

Kwetu Ufipa mayai ya safari hufukiwa ndani ya nafaka. Bibi yangu alinituma mara nyingi na ndoo ya ulezi yenye mayai ndani, na hakuna lililowahi kupasuka. Nililijua hilo tangu utotoni, na siku ile halikunijia kabisa.

Siku ya tatu alirudi. Boksi lilikuwa limefungwa kwa khanga, zito ajabu, tukasaidiana kulipandisha kwenye kaunta. Nilipokata seloteipu ulezi ukamwagika. Ule ulikuwa ulezi aliokuja nao mjini siku ile kuuza. Hakuuza. Aliumimina ndani ya boksi pale stendi, kisha kondakta akalilaza chini ya magunia ya mahindi. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na punje zilijaa kwenye matundu ya nyuma.

"Nilifanya kama ulivyosema," alisema, wala hakuwa ananilaumu. "Labda ulezi haukutosha."

Miguu yangu ilikuwa juu ya lile povu. Nikamwambia waranti haihusu kioo kilichopasuka safarini. Nilimwogopa mjomba, na niliogopa zaidi yule mama ajue. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba radhi kwa usumbufu. Nilijua kabisa anarudi Laela kwenye nyumba iliyo kimya.

Tuliukusanya ulezi kwa viganja. Alipomaliza kuujaza kwenye mfuko wake, akabakiza kiasi, akakisogeza upande wangu.

"Kapike uji, mwanangu. Duka lako lina baridi."

Niliupokea. Nikausagisha, nikanywa uji wiki nzima, na ingawa ulezi wa kuuza haukosi mchanga, sikukuta humo hata chembe moja.