Sahani ya Fiston niliila mimi

Admin, jina langu lifiche, mji uache. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, nina watoto watatu, naishi Kisangani, ng'ambo ya kushoto ya mto. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnijibu, maana Jumamosi haiko mbali.

Majeshi ya nje yalipokuwa yanapigania mji wetu nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Fiston, wa miaka sita, aliota uvimbe kwenye taya. Daktari akasema ni kansa, ya aina inayoweza kupona kwa dawa kama mtoto ana nguvu za kuihimili. Papa alikuwa amekwama Opala. Mama alilima na kuuza mihogo upande wetu, na mitumbwi ikizuiwa alikaa hata siku nne bila kuvuka kuja hospitali. Kwa hiyo garde-malade, wa kumlinda na kumlisha Fiston, nilikuwa mimi.

Kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Wodi ile ya watoto tu ndiyo ilikuwa na jiko. Masista walitafuta samaki, mayai na soya, na mama mmoja, Mama Véro, alipika. Chakula kilikuwa cha wagonjwa peke yao. Mlinzi alikula kilichobaki kwenye sahani. Yaani mtoto mwenye njaa amlinde mwenye samaki. Aliyepanga hivyo bado nina hasira naye.

Dawa zilimharibu Fiston ulimi, kila kitu kikamkinaisha. Mwanzoni chakula kilibaki chenyewe. Baadaye nikajifunza kukibakisha. Nilinusa sahani, nikakunja uso, nikamwambia, "Fiston, hii samaki iko inanuka. Ukikula utatapika tena." Aliniamini. Aligeukia ukuta, nami nikala mpaka nikanyonya miiba.

Kila Jumatatu walimpima. Kilo zikashuka, daktari akasema dawa isubiri kwanza apate mwili. Hakupata. Alikufa asubuhi moja, mama akiwa kwenye mtumbwi anakuja kutuona.

Mama alimkuta mtoto mifupa mitupu, akataka mtu wa kumlaumu. Masista nao walikuwa wanalalamika kwamba samaki wanapungua chunguni kila siku, na mwenye ufunguo wa jiko alikuwa Mama Véro. Mama alimpigia kelele mbele ya wodi nzima, mwizi, umemuua mwanangu kwa njaa. Mama Véro hakujibu neno. Alifukuzwa kazi, akaenda zake Isangi. Nilikuwa nimesimama pale pale na mkeka wa Fiston mkononi. Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo mama huwasimulia wageni kwamba Fiston alilishwa na dada yake tu, wengine wote walikuwa wachawi. Nimekua na sifa hiyo.

Mwezi uliopita Mama Véro alirudi, mzee, anatembelea fimbo, akaomba kuingia shirika letu la kusali nyumba kwa nyumba. Mama alikataa kumpa mkono, akatema mate miguuni pake, akasema huyu akiingia yeye anatoka. Viongozi wakaamua Jumamosi hii wote tukutane, na mimi niliyekuwa wodini nisimame niseme nilichokiona.

Nilimfuata Mama Véro nyumbani kwake, na sikwenda kwa wema. Nilitaka arudi Isangi, nikamwambia hivyo hivyo. Alikuwa anachambua pondu, majani ya mihogo. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Nilikuonaka, mutoto wangu. Nikawa naweka samaki mbili kwa sahani yenu. Niliwaza mutakula wawili."

Samaki waliopungua chunguni ndio hao. Mimi niliwala wote, wa Fiston na wangu.

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema mama yangu alikuwa ametoka kufiwa na mtoto mmoja, akabaki na mmoja, kama angesema ningetupwa. Basi namchukia, Mungu anisamehe. Angesema siku ile, ningepigwa, ningelia, yangekwisha. Sasa miaka yote hii ameubeba mzigo wangu na mimi sikuombwa ruhusa.

Msiniandikie kwamba nilikuwa mtoto. Hilo ameshaniambia yeye, halikunisaidia. Nilijua Fiston anakonda, niliona mbavu, na bado nilinusa sahani na kukunja uso. Nikisema, mama yangu mwenye shinikizo la damu atanitazama vipi? Nikinyamaza, yule mzee anafukuzwa mara ya pili kwa tumbo langu.

Leo mchana mama alinipikia samaki na lituma ya ndizi za kuponda. Akanichagulia kipande cha katikati, kisicho na miiba, akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu," akasema. "Jumamosi uko na kazi."

Nimekimaliza chote. Nishaurini, nikisimama pale niseme nini?