Vipande Kumi vya Kaka Yake

Saa moja na robo asubuhi. Bwana Maji anasukuma mlango wa maabara kwa goti, anazima feni, kisha anawageukia wenzake wawili. "Atakayetaka kupiga chafya atoke nje," anasema. Hacheki.

Feni huzimwa kwa sababu upepo wake hupeperusha kazi. Mbele yake kuna tofali dogo la nta, na ndani yake kipande cha nyama ya binadamu. Kwa mashine ya mkono yenye kisu kikali, hukikata vipande vyembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Kila kipande huelea kwenye maji ya uvuguvugu, naye hukiopoa kwa kioo, taratibu. Kikikunjamana, kimekwenda.

Kwa siku hukata matofali sitini. Leo linalomkosesha raha ni moja. Nyama iliyobaki humo ni utando tu, upana wa punje ya dengu. Imetoka kwenye uvimbe wa utumbo mpana wa kaka yake.

"Wanataka vipande kumi vya kupima jeni," anasema. "Humu namo mna kumi na viwili, labda kumi na vitatu. Nikiharibu vinne, basi."

Nyama nyingine hakuna. Saratani imeshafika kwenye ini, na kaka mtu hana tena nguvu za kuingizwa kamera utumbonі akatwe nyama mara ya pili.

Kipimo hicho ndicho kitakachoamua dawa. Bwana Maji, aliyeacha shule darasa la sita, analieleza jambo hilo kwa namna yake. "Seli ina swichi ya kuiambia ‘kua’, halafu ‘basi, inatosha’. Jeni ikiharibika, swichi inakwama kwenye ‘kua’, na ugonjwa unakimbia. Kuna dawa inayofunga mlango wa nje ili amri ya kua isiingie. Sasa swichi ikiwa imekwama, utafunga mlango wakati moto uko ndani?"

Aliingia hapa kama mfagiaji, miaka ishirini na sita iliyopita. Sasa ana hamsini na moja, na mshahara wake humalizika siku ya ishirini ya mwezi.

Jina la Bwana Maji alilipata kutokana na kosa lake mwenyewe. Zamani, kijipande cha mgonjwa mmoja kilibaki kikielea majini, kikanasa kwenye kioo cha mwingine. Fundi cherehani mzima wa afya akaambiwa ana saratani. Alilia siku tisa kabla kosa halijagunduliwa.

"Alikuja pale dirishani akaniuliza jina langu," anasema. "Nikampa. Ningefanya nini?"

Tangu siku ile hubadilisha maji na kufuta kisu kwa kila tofali.

"Foleni inarefuka, Bwana Maji!" anamtania Mama Pacha, mwenzake wa meza ya pili.

"Foleni haiugui, mama. Lete kioo."

Anazungusha mkono wa mashine. Kipande cha kwanza kinakunjamana. Cha pili kinachanika katikati. Simu inatetemeka mfukoni. Ni shemeji yake, mke wa kaka. Anaiacha iite.

Mama Pacha hatanii tena. Anapokea kioo kimoja kimoja chenye kipande kizima, akihesabu kwa midomo bila sauti. Cha tano. Cha nane. Kwenye cha tisa Bwana Maji anasimama, anajifuta kiganja kwenye suruali, anarudi.

Cha kumi kinatandaa majini bila kunyanzi hata moja. Anazungusha mkono wa mashine tena, na kisu kinatoa nta tupu.

"Yamekwisha," anasema. Anakaa kwenye kiti, mikono magotini.

Ndipo anampigia shemeji yake. Anayepokea ni kaka mwenyewe, fundi wa kuchomea vyuma, sauti imekauka ila ulimi bado mkali.

"Umenimaliza?"

"Nimekumaliza, kaka. Kumi kamili."

"Asante, mdogo wangu. Na wewe, lini?"

Bwana Maji anakuna kidevu. Daktari aliwaagiza ndugu wote wa tumbo moja wakapimwe utumbo, maana saratani hii huweza kuandama ukoo. Yeye ameahirisha mara mbili.

"Alhamisi," anasema.

"Alhamisi ipi? Nimezisikia nyingi."

"Hii. Mama Pacha atashika mashine yangu."

Majibu ya kaka yatachukua siku kumi. Swichi ikiwa nzima, ataanza dawa ile. Ikiwa imekwama, watajua wasimpotezee muda.

"Kaka alikaa miaka miwili akiona damu chooni, akanyamaza kwa haya," anasema Bwana Maji akiinuka kuwasha feni. "Kivimbe kikiwa kidogo, kinaondolewa palepale. Mimi Alhamisi nitavua suruali, na haya nitaivua pamoja nayo."