Damu Kwenye Chumvi

Ilianza Jumamosi, tarehe moja Julai 1961, saa kumi na moja na robo jioni, nikiwa nimechuchumaa jikoni napuliza moto uliokataa kuwaka. Baba aliingia ameshika karatasi, anaipunga kama mtoto aliyepewa peremende.

"Kibali hiki! Bwana Nyama wa wilaya ameniruhusu kuwinda pofu mmoja, dume. Ardhi ya wazi, chini ya msitu, nje ya mpaka wa hifadhi."

"Nani atakuongoza?" bibi akamuuliza. Bibi ni mama yake baba.

"Wanaoongozwa ni Wazungu. Mimi nitajiongoza." Akakaa kwenye kigoda, furaha ikampungua kidogo. "Ila sijui hao pofu wanalala wapi siku hizi."

Bibi akanitazama. Mimi nikautazama moto.

Nilijua. Nilikuwa darasa la tisa, shule ya bweni, na kila nikirudi Qurus kwa likizo kazi yangu ni kuchunga ng'ombe. Bibi ndiye aliyenionyesha, tangu nikiwa mdogo, mahali pa juu karibu na msitu ambapo udongo ni mweupe na una chumvi. Ng'ombe huulamba mchana. Alfajiri, kabla ya watu, huulamba pofu. Niliwahi kuwaona wakitoka kwenye ukungu, wakubwa kuliko fahali wetu, magoti yao yakialika kila wanapopiga hatua. Sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa haya. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza mpaka mwingine alitaje. Lakini hili sikulinyamazia kwa haya. Lilikuwa langu.

Bibi alikuwa na sharti moja, na alikuwa amelirudia mara nyingi mpaka nikachoka kulisikia: pale penye chumvi hapamwagwi damu. Ukitaka mnyama, msubiri kwenye njia, akiwa ameshashiba na anaondoka. Damu ikiingia kwenye udongo ule, pofu hawarudi, na ng'ombe wakiinusa watalia na kukimbia.

Usiku huo nilijigeuza sana kitandani. Asubuhi baada ya kanisa nilimfuata baba nyuma ya zizi.

"Baba, mimi najua walipo."

Hakucheka. Ndiyo maana nikaendelea. Nilimwambia nitamwonyesha kama ataniahidi mambo mawili: kwamba nitakwenda naye, na kwamba hatapiga risasi penye chumvi. Akaniwekea mkono kichwani. "Nakuahidi yote mawili, mama." Huwa ananiita mama kwa kuwa nina jina la bibi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote ninazozikumbuka za mimi na baba. Tulipanga kila jioni, yeye kwenye kigoda, mimi nachora kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Nilimwambia tupande kutokea bondeni, kwa sababu alfajiri baridi ya msituni hushuka na upepo unashuka nayo. Jua likipata nguvu upepo unageuka, na hapo pofu watatunusa. Nikafunga majivu kwenye kitambaa chepesi ili tukitikise na kuona upepo unakokwenda. Bibi akasema tujipake samli usoni, kwa maana Julai kwetu baridi inapasua midomo. Tulikubaliana viazi vya kuchemsha, mablanketi mawili, hakuna kuwasha moto, punda wawili wa kubeba nyama, magunia, kamba. Kwa baridi ile nyama isingeharibika hata tukichelewa kushuka.

Mtu wa tatu alikuwa mwenye duka la vitambaa Karatu, rafiki yake baba. Yeye ni Muislamu, na kwetu ukiwinda mnyama mkubwa lazima uende na Muislamu wa kumchinja, la sivyo nusu ya majirani hawatagusa nyama yako. Anatakiwa amfikie mnyama akiwa bado hai. Shida ni kwamba mwenye duka ni mnene na goti lake moja bovu.

"Shehe wangu hawezi kukimbia mlimani," baba akasema. "Pofu atakufa yeye akiwa bado anapumzika njiani."

Nalo nikalifikiria. Nikachora korongo dogo ambalo njia ya pofu hupita wakirudi msituni. "Akae hapa, kwenye majani. Baba ukipiga hapa, mnyama yuko karibu naye. Hana haja ya kukimbia."

Baba akaitazama ile michoro kwa muda mrefu. "Wewe ungezaliwa mwanaume," akasema. Wakati ule nililichukua kama sifa.

Tulipanga kwenda Jumamosi. Jumatano akaniambia nimpelekee shangazi unga, Oldeani, nilale huko nirudi Alhamisi. "Ili Ijumaa upumzike," akasema. Nikaenda nikiimba. Ile njia ni mbaya na yenye matope, na niliimba.

Alhamisi mchana niliporudi, harufu ya nyama ilinikuta kabla sijaufikia uzio. Uani watu wamejaa, ngozi ya pofu imewambwa, pembe zimeegemezwa ukutani. Mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba, mguu mbovu ameunyoosha, anawasimulia majirani.

"Huyu bwana ana pua ya fisi! Mahali pale ameniambia amepatafuta mwaka mzima, peke yake!"

"Acha kunipamba, shehe," baba akasema, akicheka.

"Sikupambi! Tena nimemwambia, ndugu yangu, kwenye korongo mimi siingii, nitaumwa na nyoka kwa ajili ya supu? Mpige hapo hapo anapolamba. Akampiga. Pwaa! Kaanguka kwenye udongo mweupe, mimi huyo na kisu, bismillahi, hata jasho halijanitoka."

"Jasho lako hutoka ukipima kanga tu," jirani mmoja akasema, na uani wote wakacheka.

Hapo ndipo baba aliponiona. Kicheko kikamkauka. Akakata pande nono, akaja nalo mpaka nilipokuwa nimesimama na gunia tupu la unga.

"Hili lako, mama. Tuliona ukungu ni mzuri, tukaona tusisubiri."

Nilitaka kusema kwamba ukungu wa Alhamisi haujulikani Jumatano, siku aliyonituma Oldeani. Nilitaka kusema mbele ya watu wote ni nani aliyepajua mahali pale. Niliipokea ile nyama, kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa, nikaingia ndani nikaiweka mbele ya bibi.

Bibi alinusa kiatu cha baba kilichokuwa mlangoni, akaokota kipande cha udongo kwenye soli. Cheupe, kimeganda na damu. Akakitupa motoni. Nyama ile naye hakuila.

Asubuhi ya Ijumaa nilifungua zizi kukiwa bado na giza la ukungu. Nilibeba jembe na lile gunia. Baba alikuwa uani anakunywa chai.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchunga."

"Na jembe?"

Sikumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kutomjibu, na haikuwa haya. Hakuinuka.

Tulipokaribia, ng'ombe mwekundu aliyekuwa mbele alisimama, akanyoosha shingo na kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Wengine wakapokea, wakageuka, wakakimbia hadi bondeni. Niliwaacha. Nikaichimba ile sehemu iliyokuwa nyeusi kwa damu mpaka nikafika kwenye weupe, nikajaza gunia, nikalikokota hadi kwenye bonde la mbali, nikamwaga, nikarudi kujaza tena.

Nyayo za buti za baba zilikuwa bado wazi kwenye tope. Zilipanda kutokea bondeni, kinyume cha upepo, zikakwepa mawe pale nilipomwambia kuna mawe. Alikuwa amefuata mchoro wangu wote isipokuwa mwisho wake.

Nikavunja tawi la kichaka cha leleshwa. Nikaanzia penye chumvi, nikazifuta nyayo zile moja moja, nikishuka kinyumenyume, nikifuta na zangu, mpaka barabarani.