Gari la Kusimama Katikati ya Kilima

Enzi zetu sisi tuliokulia migombani huku juu ya Poli, gari halikuchaguliwa. Lilingojewa. Lilikuwa moja tu, gari la misheni, kijani kilichofifia, na lilipanda kutoka Usa River mara mbili kwa wiki likiwa na dawa za zahanati, mafuta ya taa na barua. Tulilisikia muda mrefu kabla ya kuliona, kwa maana kilima chetu kililifanya ligune kama mzee anayeinuka kitini. Aliyekuwa akichunga mbuzi aliwaacha, aliyekuwa akichota maji mferejini aliweka ndoo chini, na wote tulishuka mbio tukigombania kitu kimoja: jiwe.

Vijana wa leo hawatanielewa, kwa hiyo nieleze. Dereva wa gari lile, Mzee Yona, alisimama kwa kila mtu aliyemkuta njiani. Mama mwenye mkungu wa ndizi, alisimama. Mzee mwenye fimbo, alisimama. Breki ya mkono ilikuwa imechoka siku nyingi, kwa hiyo kila aliposimama kwenye mteremko ilibidi mtu aweke jiwe nyuma ya gurudumu kabla gari halijarudi lilikotoka. Kazi hiyo ilikuwa yetu. Aliyewahi kuweka jiwe alipandishwa nyuma, akakaa juu ya magunia, akafika zahanatini akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi na heshima ya kumtosha wiki nzima. Mimi niliwahi mara tatu katika utoto wangu wote. Nazikumbuka zote.

Siku moja mchungaji mgeni aliyekuwa na haraka alimwambia Mzee Yona aache kusimama-simama. Mzee Yona alimjibu bila kugeuka, "Mchungaji, gari linalopita watu ni lile lililobeba maiti. Hili bado lina wazima." Tulicheka kule nyuma mpaka tukapaliwa. Nyumbani tulimsimulia mama, naye hakucheka. Alisema tu, "Amesema kweli," akaendelea kukoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando.

Siku ambazo gari halikuja, tulijitengenezea letu. Tulikata kigogo cha mgomba, tukakikalia wanne kwa mstari, tukateremka nacho kwenye majani yenye umande. Hakikuwa na breki wala usukani, na mafuta yake yalikuwa utelezi wa mgomba wenyewe. Kaptula ziliisha makalioni kabla ya muhula kuisha. Baba alikuwa akisema, "Wewe shuleni unakwenda kwa miguu, kaptula inakwenda kwa matako," kisha ananipa sindano nishone mwenyewe.

Nimeyakumbuka haya yote mwaka huu, uzeeni, kwa sababu nimeshiriki kuchagua gari kwa mara ya kwanza maishani.

Mke wangu, Mama Elibariki, anaumwa magoti. Alianza kwa kutumia fimbo, akaja kutumia mbili, na tangu mvua za vuli hajaweza kushuka kilima kwenda kanisani. Pikipiki hawezi kupanda. Teksi za Usa River zinaishia kwenye lami. Dereva akitazama kilima chetu anakumbuka ana abiria mwingine. Mchungaji, Mungu ambariki, amekuwa akimletea Meza ya Bwana nyumbani. Mke wangu aliipokea kwa shukrani. Lakini siku moja, mchungaji alipokwisha kuondoka, aliniambia, "Ninakula peke yangu kama mgonjwa wa wodi." Na kliniki ya magoti iko mjini, kila mwezi.

Watoto wetu wawili wakaja na shauri. Elibariki, mkubwa, anayeishi mjini, Engutoto, na mkewe, alisema watanunua gari dogo la familia, lisilokula mafuta, alitumie mjini siku za kazi na kuja kutuchukua Jumapili na siku za kliniki. Lakini aliongeza neno moja, tena kwa upole.

"Baba, Mama, tukikosa gari la kupanda hapa kwa mafuta tunayoyaweza, itabidi mhamie kwetu. Chumba kipo. Hatuwezi kuendelea hivi."

Mke wangu alishawahi kukaa kwao miezi miwili kwa ajili ya matibabu. Mkwe wetu alimtunza vizuri kuliko tunavyostahili. Lakini mke wangu alikaa barazani akitazama ukuta wa jirani, na aliporudi alizunguka migomba yote kwa fimbo zake, mmoja mmoja, kama anayeita mahudhurio. Kwa hiyo mliosoma mpaka hapa mnaelewa kilichokuwa kinachaguliwa. Watoto walichagua gari. Sisi tulikuwa tunachaguliwa mahali pa kumalizia siku zetu.

Rehema, binti yetu, ndiye mwenye simu ya mambo. Enzi zetu mtu akitaka kununua ng'ombe alikwenda kumwona, akamshika kiwele, akauliza mama yake alikamwa kiasi gani. Hawa walinunua kwa kidole. Kwa wiki tatu Rehema alilinganisha magari kwenye kioo cha simu, jikoni, mpaka chai ikamwagika motoni. Majina yake yanafanana na majina ya dawa, sikuweza kuyashika. Mwisho yakabaki mawili katika yadi moja ya magari mjini: jekundu lenye injini ndogo kabisa, ambalo wajukuu waliliita bebi woka, kama kile cha kumfundishia mtoto kutembea, na jeupe lililolizidi injini kidogo na lililoinuka kidogo kutoka chini.

Tulikwenda kuyaona. Mwenye yadi alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, aliyevaa miwani juu ya kilemba.

"Shikamoo mzee. Hii nyekundu mzee wangu hainywi mafuta, inanusa. Ukiweka leo utasahau kituo kiko wapi."

"Marahaba. Na hiyo nyeupe?"

"Nyeupe nayo haina neno. Ila inanusa kwa pua zote mbili."

Elibariki na Rehema wakayajaribu yote mawili kwenye barabara tambarare ya pembeni mwa mji, watu wawili ndani, dirisha limefungwa. Jekundu likashinda kwa kila kipimo. Tofauti ya mafuta kwa mwezi haikuwa kubwa kwa tajiri, lakini watoto wangu si matajiri, na Rehema ana ada za watoto watatu. Nilimshukuru Mungu kwa bidii yao. Nikaomba kitu kimoja tu, kwamba kabla ya kukabidhiana lipandishwe kilimani kwetu likiwa na familia. Mwenye yadi akasema atakuja mwenyewe, hajaenda shamba siku nyingi.

Jumamosi wakaja na jekundu. Tulimteremsha mke wangu hadi kwenye lami kwa kiti, vijana wanne wa jirani wakimbeba na kutaniana nani amepewa upande mzito. "Upande mzito ni wa mwenye mdomo," mke wangu akawaambia. Akaketi nyuma kati yangu na Rehema. Elibariki alishika usukani, mwenye yadi pembeni yake. Gari likaanza kupanda, na nasema kweli, lilipanda. Liliimba kwa sauti nyembamba, lakini lilipanda. Nilianza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Katikati ya kilima, pale njia inapobana kando ya mfereji, tulimwona Mama Samweli, jirani yetu, akitoka soko la Tengeru na kiroba cha pumba ya ng'ombe kichwani. Ana umri wa mke wangu. Walibatizwa siku moja.

"Eli, simama," mke wangu akasema.

"Mama, hapa siwezi. Nikisimama hapa hatuondoki."

"Yule ni Mama Samweli."

"Namwona, Mama. Tukifika juu nitarudi kumchukua."

"Umesikia nilivyosema?"

Elibariki ana miaka arobaini na saba na anaongoza watu ofisini. Alisimama.

Mama Samweli akasalimia wote kwa zamu, akauliza habari za wajukuu mmoja mmoja, akapandishwa mbele juu ya mapaja ya mwenye yadi, na kiroba chake kikawekwa nyuma. Elibariki akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, magurudumu yakazunguka pale pale, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu kama mtu anayeaga kwa heshima.

"Jiwe!" nikapiga kelele. Nilitazama nje. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Jumamosi asubuhi, jua zuri, na kilima chote hakina mtoto. Wako ndani na simu. Basi nikafungua mlango mwenyewe, na miaka yangu sabini na minne, nikachukua jiwe kando ya mfereji nikaliweka nyuma ya gurudumu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tulishuka wote isipokuwa mke wangu, na Elibariki kwenye usukani. Tukasukuma. Mwenye yadi alivua viatu. Mama Samweli alikuwa katikati, bega kwenye bati, akisema, "Jamani, mlinionea huruma au mlikuwa mnatafuta msukumaji?"

Halikwenda. Ikabidi Elibariki alirudishe polepole hadi tambarare, achukue mwendo na kupanda bila kusimama, akiwa na mama yake peke yake, sisi tukifuata kwa miguu. Tulipofika uani tulimkuta amefungua boneti bila sababu, kama wanaume wanavyofanya wakikosa la kusema.

"Linapanda," akatuambia. "Mmeliona. Ni suala la kutosimama tu."

"Gari ni nzima, mzee," mwenye yadi akaongeza, akifuta tope miguuni. "Hata mtengenezaji hakuambii uisimamishe mlimani na watu sita."

Ni kweli, na hakuna aliyeweza kumlaumu yeye wala gari lake. Kosa lilikuwa letu. Watoto wangu walihesabu watu wa nyumba yetu, wakasahau kwamba huku gari halijawahi kupanda na watu wa nyumba moja.

Mke wangu alikuwa bado amekaa nyuma, mlango wazi, mikono juu ya fimbo zake.

"Nunueni hilo," akasema. "Ni zuri na halina gharama. Ila mimi nipelekeni Engutoto. Kule watu wanapitana bila kusemeshana, sitaona aibu. Huku siwezi kupita watu ninaokwenda kushiriki nao meza moja, niwarushie vumbi, halafu niwakute kanisani niwape amani."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Rehema aliinama kwenye simu yake, nami nikadhani anatafuta gari la tatu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Baada ya kitambo akamwambia kaka yake, "Tuchukue nyeupe. Siku za soko wazee wasishuke nalo, Jumapili na kliniki tu. Mafuta yatatosha."

"Na yasipotosha mwezi?"

"Yasipotosha tutajua siku hiyo. Lakini Mama hahami kwa sababu ya lita tatu."

Jumamosi iliyofuata jeupe lililetwa, na safari hii Mama Samweli alialikwa rasmi asimame pale pale kwenye mfereji na kiroba chake. Gari likasimama, akapanda. Elibariki akashika breki, akapumua, akaliondoa. Liliguna, likatikisika, likaenda. Mama Samweli alipiga kigelegele kilichomfanya mwenye yadi azibe sikio. Biashara iliisha hapo.

Jumapili ya kwanza mke wangu aliingia kanisani kwa fimbo zake mbili, akaketi mahali pake pa zamani, ambapo hapakuwa na mtu. Wakati wa Meza ya Bwana alikwenda mbele pamoja na wengine. Hakuweza kupiga magoti. Alisimama kati ya waliopiga, akapokea. Baadaye nje, kwenye mnada wa sadaka za mazao, alishindana na mwinjilisti kwa ajili ya mayai saba mpaka watu wakacheka, akayanunua kwa bei ya kuku. Nilimtazama nikaona ni yule yule.

Tulipoanza kurudi, Elibariki alisema, "Haya Mama, nafasi ziko mbili. Tumchukue nani?" Mama Samweli alikuwa amebaki kwenye kikao cha wanawake. Tukaanza kupanda kilima.

Enzi zetu, baada ya ibada, kilima hiki kilijaa watu kama sisimizi wa rangi zote. Akina mama walipanda wakiimba sauti ya pili, wazee nyuma wakichambua mahubiri, watoto wakichafua nguo za Jumapili, na gari lile moja likipita katikati yao kila hatua kumi linasimama. Watu walikuwa wengi, na nafasi hazikutosha kamwe. Sasa pikipiki zilitupita moja baada ya nyingine, watu watatu watatu mgongoni, vijana wakipiga honi na kupaza sauti, "Shikamoo babu! Shikamoo bibi!" na kabla hatujaitikia wameshapotea kwenye kona. Siwalaumu. Wana pa kwenda, na heshima hawajaisahau, ila inapita kwa mwendo mkali.

Tulinunua gari linaloweza kusimama popote, na namshukuru Mungu kwa hilo. Elibariki aliendesha polepole. Mke wangu alikuwa ameteremsha kioo, mayai yake mapajani, akitazama kushoto, akitazama kulia, kwenye njia tupu ya mchana, kama kuna mtu anayepanda kwa miguu.