Macho ya Mama na Mpaka wa Mzee Venansi

Tulifunga safari sababu mama yangu alitaka kumshitaki jirani. Tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania, shamba letu na la Mzee Venansi linatenganishwa na mstari wa miti. Mama akasema mstari umepinda, Venansi anakula shamba letu kidogo kidogo. Nikavuta kamba kando ya miti: mstari umenyooka.

"Na kamba imepinda," mama akasema.

Kesi ilipangwa Jumamosi mbele ya wazee wa kilima chetu, na Venansi ndiye anatusaidia kulima. Nikasali. Nikamwambia mama twende Gitega kwa dokta wa macho. Akakubali haraka: alitaka karatasi ya kuonyesha wazee kwamba macho yake ni mazima.

Asubuhi tulipanda gari Muyinga. Njiani kuelekea Karuzi mama aliangalia nguzo za umeme, akatingisha kichwa.

"Hata za serikali zimepinda."

Saa sita, Gitega. Dokta, mwanamke mmoja mpole, akampa mama karatasi ya mistari ya miraba, akamfunika jicho moja.

"Aliyechora hii ni ndugu ya Venansi?" mama akauliza.

Dokta akaangalia ndani ya jicho kwa taa, akatueleza polepole. "Mwili uko na askari wa kufukuza magonjwa. Kuna watu wanazaliwa na jeni za askari wasiojua kupumzika. Ukizeeka, wanaweza kuumiza jicho lenyewe, pale katikati, na mstari ulionyooka ukauona umepinda."

"Nani aliniachia hao askari?"

"Wazazi, mama."

"Ni baba. Kwa mama yangu walikuwa watu wa amani."

"Na kiko unavuta? Tumbaku inaongeza hatari."

"Kiko nacho ni cha baba."

Nikauliza kama na mimi ninazo jeni hizo. Dokta akasema inawezekana, lakini wengi wanazo na hawaugui. Nile mboga za majani, nisivute, nipimwe. Mama akachomwa jichoni sindano ya kwanza ya kuzuia ugonjwa usizidi. Alinifinya mkono mpaka rozari niliyoshika ikaniacha alama.

Ijumaa, nyumbani Buhinyuza. Kwetu msamaha hauombwi mikono mitupu, kwa hiyo tulibeba mtungi wa pombe ya ndizi mpaka kwa Venansi.

"Naondoa kesi," mama akasema. "Macho yangu ndiyo yalipinda."

Venansi akanywa, akafuta midomo.

"Na mi niseme basi. Mwaka ule mlirudi, nilisogeza miti yote, ingali midogo, hatua moja ndani ya shamba lenu. Lakini niliisogeza ikiwa imenyooka."

Hapo nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa wa macho na bado kuibiwa.

Mama akavuta pombe kwa mrija taratibu. "Utarudisha," akasema. "Ila ngoja sindano ya pili, nikuone vizuri."