Nilimlazimisha Mjukuu Wangu Aondoe Ukaguzi

Nimekosa, na sitaki mnipoze. Tangu siku ile situlii. Nakaa, nainuka, naishika simu, naiweka.

Mimi ni bibi wa huku Haneti, nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha alizeti. Mjukuu wangu, fundi wa kompyuta pale Dodoma mjini, alitutengenezea mfumo wa ghala kwa ile lugha yao ya kompyuta, Java. Unaingia kwa simu, unaagiza magunia yako yatolewe. Ila mtu akishajiandikisha, lazima kwanza aje kwangu. Nimwone uso, nimuulize ni mtoto wa nani, ndipo nibonyeze kuiwasha akaunti yake. Kabla ya hapo, hata paswedi ikiwa sahihi, haingii.

Wakati wa mavuno watu wakanijazia ua. Huyu kakataliwa, yule kakataliwa. Nikachoka! Nikampigia mjukuu.

"Toa hicho kizuizi. Paswedi si inatosha?"

"Bibi, paswedi mtu anajitungia mwenyewe. Haisemi yeye ni nani. Ndiyo maana nikaongeza huo ukaguzi."

"Nimekulea mimi, leo unifundishe kujua watu? Toa!"

Akatoa.

Jamani! Dalali mmoja akajiandikisha kwa jina la jirani yangu, mjane aliyeweka alizeti ghalani lakini hana simu. Paswedi ikakubali, maana kaitunga yeye. Akaagiza, mtunza ghala akatoa, lori likaelekea sokoni Kibaigwa. Mjane alipokuja na punda wake achukue alizeti ya kukamua, hakukuta hata gunia.

Kwenye kikao wanakikundi wakamvaa mjukuu wangu.

"Msomi wa mjini katuuza huyu!"

"Kala na dalali!"

Mtoto akanitazama. Akasubiri. Mimi nikatengeneza kitenge changu, nikaangalia chini. Ole wangu! Hakunitaja. Akawaaga wazee kwa adabu, akaondoka.

Baadaye nilisimama mbele yao, nikasema ni mimi. Uenyekiti nimeuacha, alizeti yangu nimempa mjane. Lakini mjukuu wangu hapokei simu yangu, na hapo ndipo panaponiunguza.

Wazee wenzangu, nisikieni. Mtoto akikwambia kitu kimewekwa kwa sababu, muulize sababu, umsikilize mpaka amalize. Usimzibe mdomo kwa malezi. Atakutii, kweli atakutii. Halafu utampoteza.