Nusu ya Hadithi Ilikuwa Lweba

Baba yangu mdogo alisema kichwa changu kiliumbwa kubeba matofali, si masomo. Fundi baiskeli, jirani yetu hapa mjini Baraka, alisema nikipata diploma yeye atavuka ziwa Tanganyika kwa miguu. Shangazi alicheka tu, akaniuliza: “We iko na ndevu, utakaa na batoto kwa banc moja ya masomo?”

Walisema hayo huku wakinikopesha mali ya kwendea masomo, na hilo ndilo ambalo sikuwasamehe. Baba mdogo alitoa mbuzi jike, fundi akatoa baiskeli kuukuu, shangazi gunia la unga wa muhogo. Kila mmoja alinipa kitu chake na tusi lake pamoja, mbele ya watu, nami nikapokea vyote kwa mikono miwili.

Nilivumilia kwa sababu ya hadithi niliyoisoma utotoni, katika shule ya kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa. Msuka vikapu maskini anaazima jembe, mbegu na nguo kwa watu wanaomdharau. Anahama, anafanikiwa, kisha anarudi kuwalipa. Nilivyoikumbuka mimi, anawakusanya uwanjani, anamrudishia kila mmoja kitu chake na kumtamkia maneno makali yanayomkata maini. Nikaishi hivyo: pokea, nyamaza, rudi uwachome.

Nami nimerudi. Diploma ya ujenzi niliipata Bukavu, na nyumba ya kwanza ya ghorofa mtaani kwetu niliichora mimi, nikaisimamisha mimi. Anayebisha aje apande ngazi zangu.

Siku ya kuwalipa ilipokaribia, niliyataka yale maneno ya msuka vikapu. Nilikuwa na matusi yangu ya kutosha, lakini nilitaka kuwapiga kwa fimbo iliyonilea. Nikafungua daftari langu la zamani, ambalo lilivuka ziwa pamoja nami. Hadithi ilikatika pale msuka vikapu anapoonekana akishuka kilima.

Ndipo nikakumbuka. Darasani kitabu kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu. Aliandika ubaoni, tukanakili, akafuta. Mimi na msichana niliyekaa naye tulikuwa na kalamu moja ya bic, kwa hiyo kila somo mimi niliandika nusu ya kwanza na yeye ya pili, kisha jioni tulibadilishana madaftari. Siku ya hadithi ile nilikataa. Nilimwambia kwamba msichana hawezi kunifundisha mwisho wa hadithi, nitaumaliza mwenyewe. Kumbe niliumaliza kweli!

Nilimuulizia hadi Swima, wakaniambia aliolewa Lweba. Nikachukua pikipiki. Nilimkuta ufukweni akianika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

“Weye!” akasema. “Ule wa kujua vyote! Umeniletea bic yangu?”

“Bic ilikuwa yangu, dada.”

“Uongo! Yako ilikuwa kifuniko tu.”

Nikamuuliza kama bado anayo nusu yake.

“Daftari iliungua na nyumba. Lakini hadithi mi naambiaka batoto yangu kila siku. Alifika, akarudisha jembe, akarudisha mbegu, akarudisha nguo. Hakusema kitu.”

“Haiwezekani. Alibatukana!”

“Nusu ya pili iko ya nani, yangu ao yako? Hakusema kitu. Angesema, bangemujibu. Bakabaki na maneno yabo, hakuna pa kuyaweka.”

Nilirudi Baraka nimenuna. Hotuba yangu niliitunga kwa miaka mingi, tena ilikuwa nzuri. Lakini baba mdogo ni bingwa wa majibu. Ningemtukana, angenirudishia moja la kuchekesha, watu wangecheka, na ushindi ungekuwa wake. Mwanamke yule alikuwa sahihi.

Niliwaita Jumapili, saa ambayo Wakatoliki na Waprotestanti wote wanapita mbele ya nyumba yangu wakitoka kusali. Watu wakajaa uani. Fundi nilimkabidhi baiskeli mpya. Akaikagua kila mahali akitafuta kasoro, hakuiona. Shangazi nilimpa magunia mawili, baba mdogo mbuzi mwenye mimba. Nilitoa kwa mikono miwili, kimya.

“Haya, sema,” baba mdogo akaniambia. “Mi najua uko na maneno.”

Nikatabasamu.

“Muntu ya Bukavu! Diploma yako haina mudomo?”

Hakuna aliyecheka. Ulimi uliniwaka mdomoni. Mtihani wowote wa Bukavu ulikuwa mwepesi kuliko dakika zile.

“Mutoto ya kaka yangu,” shangazi akasema kwa sauti ya chini, “tutukane basi, twende nyumbani.”

Nikawafungulia lango. Mbuzi akagoma kutoka. Baba mdogo akamvuta kwa kamba katikati ya waumini waliompisha njia, akimbembeleza kwa sauti: “Twende, mama, twende.” Sikumsaidia kumsukuma.